Mashine Mpya ya Mtendaji

Otmar aliinusa kabla ya kuigusa. Aliilaza ubavu nyuma ya stoo ya kituo cha afya, kabureta ikitazama juu ili oili isije ikaingia kwenye chujio la hewa, akainama na kusogeza pua kwenye mdomo wa kutemea nyasi. Mashine ya kukata nyasi, hata iwe kuukuu vipi, hunuka nyasi. Hii ilinuka tope la shimoni, moshi na mkojo. Mkojo! Akatema mate pembeni, akafuta mdomo kwa bega la shati.

"Huu ni uwanja wa mpira gani?" alisema peke yake.

Maana mtendaji wa kata, Bwana Bujiku, aliiazima mwanzoni mwa mvua akisema inakwenda kusafisha uwanja wa mpira. Uwanja wenyewe uko pale njia panda ya kwenda Nyarugusu, na hauna nyasi za kumshibisha hata mbuzi mmoja. Ni vumbi, mawe na vifuniko vya soda. Kila mtu katani anaujua. Lakini mtendaji akisema anaazima kitu, nani atamwuliza maswali? Si ndiye mwenye muhuri? Mashine ikapakiwa kwenye guta, ikaondoka, mvua zikanyesha mpaka zikachoka zenyewe, na jana jioni ikatupwa getini bila hata salamu.

Ingekuwa ni nyasi za mbele tu, Otmar asingeumia roho. Za mbele ni za kupendezesha macho. Kilichokuwa kinamnyima raha ni nyuma. Nyuma ya wodi ya wazazi kuna chumba cha kusubiria, ambako wanawake wa vijiji vya mbali huja kukaa siku zao zikikaribia. Choo kiko mwisho wa kiwanja upande mmoja, jiko liko upande mwingine, na katikati yote ni nyasi. Zilikuwa zimefika kiunoni. Otmar alijaribu kuzifyeka kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa bega la kulia lilivunjwa na matimba, zile nguzo za kushikilia kuta za shimo, enzi zake za uchimbaji, na tangu hapo mkono huo haupandi juu ya kifua. Alikuwa anafyeka eneo la mkeka mmoja, anakaa chini kupumua, na mvua ya usiku inaotesha mikeka mingine mitatu.

Wiki iliyopita Agatha, mama wa watu kutoka huko mpakani na Bukombe, alikwenda chooni alfajiri akaumwa na nyoka. Agatha alipona. Mtoto aliyekuwa tumboni hakupona.

Kwa hiyo Otmar alikuwa amejiapiza: mashine ikirudi tu, kazi ya kwanza ni njia ya chooni, ya pili ni ya jikoni, na huko mbele kwenye bendera kutasubiri.

Alichomoa waya wa plagi kwanza, asije akapoteza vidole, kisha akaanza kukwangua tope chini ya bodi. Lilikuwa jekundu, limeshikana kama saruji. Kisu kilipoanza kuonekana, alisimamisha mkono. Kwenye kila ncha ya kisu palikuwa pamechomelewa kipande cha bati kilichopindwa mfano wa pangaboi. Akageuza macho kwenye mdomo wa kutemea nyasi. Ulikuwa bado umezungukwa na mabaki ya nailoni nyeusi, yamefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli.

Hapo akaelewa kila kitu.

Duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, likienda chini sana, hewa huisha. Mwenye duara muungwana hununua mashine ya kupulizia hewa. Mwenye duara wa aina nyingine huchukua mashine ya kukata nyasi ya wagonjwa, akachomelea mabati kwenye kisu, akafunga bomba la nailoni mdomoni na kuliteremsha chini kwa watu. Hewa inashuka, ndiyo. Na moshi wa ekzosi unashuka nao, kwa sababu ekzosi iko palepale ubavuni, mashine inaumeza moshi wake yenyewe na kuutema kule shimoni. Na ili izunguke zaidi walikuwa wameikaba gavana, kile kijichuma kinachozuia injini isizidi mwendo, wameivuta kwa mpira uleule wa tyubu ikakaa wazi muda wote. Huo ni mtindo wa shimoni. Otmar mwenyewe aliwahi kufanya hivyo kwenye pampu za maji, enzi hizo. Kule mashine haitunzwi, inakamuliwa mpaka inyamaze, halafu inasukumwa kando.

"Gete kweli, hawa watu!" alisema. "Yaani hawa watu!"

Sista Serafina, mkuu wa wodi ya wazazi, alikuwa anapita na beseni la mashuka. Akasimama.

"Mwangaluka, Baba Ritha. Inawaka?"

"Mwangaluka, Sista. Itawaka wapi? Njoo uone walichoifanyia."

Akamwonyesha mabati na nailoni, akamweleza. Sista aliweka beseni chini polepole.

"Kwa hiyo ndiyo hii," alisema. "Ndiyo hii aliyokuwa anaisema yule kijana."

"Kijana yupi?"

"Thobias, wa wodi ya wanaume. Waliletwa wawili wakitapika, vichwa vinawapasuka. Mwenzake aliruhusiwa. Thobias yupo, anakula, anacheka, lakini ukimwuliza jina la mwanawe anakuangalia tu. Alisema mashine ya hewa ilikuwa inanuka. Mimi nikadhani anaweweseka."

"Duara la nani?"

"Unaniuliza mimi? Wewe si umeshajua la nani."

Sista Serafina akajifuta mikono kwenye gauni, ingawa haikuwa imelowa.

"Itengeneze, baba," alisema. "Nilionao humo ndani ni saba, na mmoja, huyu Mwanaima, anaweza kujifungua hata leo. Wanakwenda chooni wawiliwawili wanapiga nyasi kwa fimbo. Hiki ni kituo cha afya au ni pori la akiba?"

Otmar akaitengeneza. Mabati aliyakata kwa msumeno wa chuma, akasaga vishina vyake kwa tupa. Ule mpira wa gavana aliufungua, akautupa mbali. Alifungua chujio la hewa, hakukuta chujio. Walilitoa na kulitupa, na injini ilikuwa inavuta vumbi la mwamba moja kwa moja kifuani. Akakata kipande cha sponji ya godoro, akakichovya kwenye oili kidogo, akakamua, akakipachika hapo. Oili ya injini ilipotoka ilikuwa nzito kama uji wa ulezi, ina chenga zinazometameta ambazo hazikuwa dhahabu, zilikuwa chuma cha injini yenyewe kikijila. Aliomba oili iliyotumika kwa bodaboda wa getini, akaichuja kwa kitambaa. Oili mpya angeipata wapi? Aliiomba tangu mwaka jana, akaambiwa asubiri bajeti.

Alikuwa na bakuli la kabureta mkononi, anazibua tundu la petroli kwa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli, pikipiki ya mtendaji ilipoingia. Bwana Bujiku alikuwa amevaa suti ya kaki iliyopigwa pasi mpaka inakata. Nyuma yake alishuka jamaa mwembamba mwenye kopo la rangi na brashi mbili.

Mtendaji huyo ana umri wa mtoto wa pili wa Otmar. Tangu ahamie katani hajawahi kumpa shikamoo.

"Otmar! Imefikia wapi?"

"Shimoni imefikia, mheshimiwa," Otmar alisema. "Mpaka chini kabisa."

Mtendaji alijifanya hakusikia. "Mgeni rasmi kutoka mkoani anafika mchana. Huyu ni Marselino, anapaka rangi. Mashine iwe nyekundu, ing'ae, iwake mbele ya mgeni. Umenielewa?"

"Nimeelewa iwake. Rangi ya nini?"

"Ya upya."

"Upya gani? Hii waliiacha mapadri, hata Sista hajazaliwa."

Mtendaji akatazama kushoto na kulia, akasogea. Wala hakupunguza sauti sana. Hilo ndilo lililomtia Otmar kichefuchefu baadaye alipolikumbuka, jinsi mtu yule alivyosema bila hata kupepesa macho, kana kwamba anaagiza chai.

"Kwenye taarifa ya kata imeshasomwa kwamba tumenunua mashine mpya ya kukata nyasi kwa mapato ya ndani. Basi leo hii ndiyo mpya. Kesho iwe ya zamani, iwe jiwe, shauri yake. Leo ni mpya."

"Na hiyo mpya yenyewe iko wapi?"

"Otmar." Mtendaji aliweka mkono juu ya lile bega bovu. "Wewe ni kibarua hapa miaka mingapi? Jina lako la ajira ya kudumu nimelipeleka mimi. Chumba unacholala na mama watoto wako ni cha kituo. Usinichoshe asubuhi yote hii. Iwake."

Huko chumbani mkewe Scolastika alikuwa amelala na homa, na hawakuwa na nyumba nyingine, wala shamba la kurudia, lile la Ushirombo kaka zake walishaligawana. Otmar akashusha macho kwenye kabureta.

"Itawaka," alisema. "Ila nikaijaribie nyuma kwanza, kule kwa akina mama. Kuna nyoka."

"Nyuma utaichafua rangi."

"Basi baada ya mgeni kuondoka."

"Baada ya mgeni inaondoka na mimi. Jioni hiihii. Kuna watu wanaisubiri."

Watu wanaisubiri! Otmar alimtazama usoni mtu huyu kuona kama kuna kitu chochote, aibu, jasho, hata kope kucheza. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na mafuta ya kupaka, yamepakwa vizuri.

Kabla hajajibu, watoto wa shule ya msingi walianza kuingia getini kwa mistari, kila mmoja na fyekeo lake begani, mwalimu nyuma yao na fimbo. Wametolewa darasani kuja kufyeka kwa ajili ya mgeni. Wakapangwa mbele, kuanzia kwenye bendera mpaka kwenye jiwe la msingi. Mtendaji alikwenda akachora mstari kwa kisigino kandokando ya njia ya wageni. Hapo pasifyekwe, alisema. Ukanda huo ubaki, ndio mashine itakaokata mgeni akiona.

"Mheshimiwa," Otmar alimfuata, "hawa watoto wakimaliza si wazunguke nyuma hata kidogo tu? Mikono ni mingi."

"Mgeni hapiti nyuma."

"Lakini wanawake wanapita."

"Wanawake si wageni rasmi," mtendaji alisema, akacheka, na mwalimu akacheka kwa adabu. Watoto walipomaliza mbele walirudishwa shuleni.

Marselino alipaka rangi huku Otmar akiendelea kufunga vitu. Alipaka juu ya tope, juu ya kutu, juu ya skrubu, juu ya kifuniko cha oili, akapaka hata magurudumu.

"Subiri nikwangue, basi," Otmar alimwambia. "Rangi haishiki tope."

"Mzee wangu, mimi nimeambiwa nipake. Ningeambiwa nipake ng'ombe, ningepaka."

"Na ekzosi unapaka? Ikipata moto itaungua hiyo."

"Ikiungua mimi nitakuwa nimeshafika kwangu."

Otmar hakuona cha kumlaumu. Jamaa hata malipo alikuwa hajapewa, ameambiwa aje Jumatatu. Wakaendelea, mmoja ndani na mwingine nje ya mashine ileile.

Petroli aliyoleta mtendaji ilikuwa kwenye chupa ya maji, ya kununua kando ya barabara. Otmar alimimina kidogo kiganjani akasubiri. Petroli ya kweli hupaa na kuacha mkono mkavu. Hii iliacha utelezi na harufu ya mafuta ya taa. Imechakachuliwa, kama vilivyochakachuliwa vingine vyote katani humo. Akaimimina vivyo hivyo. Alipiga plagi msasa, akasogeza chuma chake kwa makadirio ya unene wa wembe, akafunga, akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Ikakohoa. Mara ya nne iliwaka kwa kishindo, ikatoa moshi mweupe, na ndani ya injini Otmar akasikia kitu kinagonga kama mtu anayebisha hodi. Akaizima haraka.

"Si inawaka!" Marselino alisema.

"Inawaka. Lakini haina muda. Chuma kimeshalika humo. Itafanya kazi kidogo, halafu basi."

"Ya kumwonyesha mgeni itatosha?"

"Ya kumwonyesha mgeni itatosha," Otmar alisema. Akaketi juu ya tofali, akaitazama ile mashine nyekundu iliyolowa, na jambo moja likaanza kumsumbua na halikuondoka. Kwamba muda huo mdogo uliobaki humo ndani, wa mwisho, mtu fulani atautumia. Ama mgeni apige picha, ama mtendaji aupeleke shimoni kwa akina Thobias wengine. Hapakuwa na wa tatu katika hesabu hiyo.

Mgeni alichelewa, kama kawaida yao. Turubai lilifungwa, viti vya plastiki vikapangwa, kwaya ikaimba mpaka sauti zikakauka. Wagonjwa waliokuja kutibiwa waliambiwa wakae upande wa kivulini wasionekane kwenye picha. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mwenye homa alilia, akaambiwa asilie, kuna mgeni. Otmar alivalishwa koti la kijani jipya, mikono mirefu mpaka inafunika vidole, akasimamishwa kando ya ukanda wa nyasi na mashine mbele yake. Sista Serafina alipita karibu, akasema kwa sauti ya chini:

"Mwanaima uchungu umeanza. Ametoka chooni sasa hivi, nimemsindikiza mwenyewe na fimbo. Unajua kwamba nyoka nimemwona kwa macho yangu?"

"Wapi?"

"Palepale mlangoni pa choo. Amejikunja."

Akaenda zake. Magari yakaingia, meupe, vioo vyeusi, vumbi likaifunika kwaya. Mgeni rasmi alishuka, akapunga mkono, akaketi kwenye kiti chenye kitambaa. Mtendaji alishika kipaza sauti. Alisema habari za maendeleo, ya hapa na ya pale, na watu wakapiga makofi palipotakiwa kupigwa.

"Na mheshimiwa mgeni rasmi, kwa kujali mazingira safi na salama kwa mama na mtoto, kata yetu kwa mapato yake ya ndani imenunua mashine mpya, ya kisasa kabisa, ya kukatia nyasi. Naomba sasa mtaalamu wetu aiwashe!"

Mama na mtoto! Otmar akainamia mashine. Akavuta kamba. Haikuwaka. Mtu wa kwaya akacheka. Akavuta tena, akasikia bega linalia, akavuta kwa kushoto. Ikawaka.

Moshi ulitoka, kisha rangi ya kwenye ekzosi ikaanza kuungua na kutoa harufu mbaya. Mgeni alitoa leso akaziba pua huku akitabasamu. Makofi. Kamera zikainuliwa. Otmar akaisukuma ndani ya ukanda, nyasi zikatemwa pembeni vizuri kabisa, na watu wakashangilia kweli. Alikwenda mpaka mwisho wa ukanda, pale alipoambiwa ageuze arudi ili apigwe picha ya pili.

Hakugeuza.

Alipandisha mashine kwenye njia ya saruji, akapita nayo ikinguruma mbele ya maabara, mbele ya dirisha la dawa, akakata kona ya wodi ya wazazi, akapotea nyuma. Kwenye kipaza sauti ikasikika sauti ya mtendaji:

"Ee... naam. Mheshimiwa, kama unavyoona, anaendelea na kazi. Kazi inaendelea huko nyuma!"

Na watu wakapiga makofi tena. Walipigia makofi mngurumo. Hakuna aliyeinuka kwenda kutazama.

Nyasi zilimfika Otmar kiunoni. Ukiisukuma mashine kwenye nyasi kama hizo inakabwa na kuzima palepale, kwa hiyo aliisimamisha kwa magurudumu ya nyuma, upande wa mbele juu, akawa anaishusha taratibu, inang'ata, anairudisha, anaishusha tena hatua moja mbele. Bega la kulia lilikuwa linamkata pumzi. Wanawake walitoka kwenye chumba cha kusubiria, matumbo mbele, wakasimama kwenye kibaraza.

"Tazameni nyoka huyo!" mmoja alipiga kelele, "yule anakimbia! Yule!" na kweli kitu cheusi kilitoka mlangoni pa choo kikapenya chini ya uzio.

Luka, mgambo wa kata, alikuja mbio akishika kofia.

"Mzee, zima! Mtendaji amesema uzime!"

"Sisikii!"

"Nasema zima!"

"Nini?"

"ZIMA!"

"Sisikii, mwanangu, mashine mpya ina kelele!"

Luka alinyoosha mkono ashike mpini. Wanawake wawili walishuka kibarazani wakaja kusimama kwenye njia iliyokatwa, kati yake na Otmar, wakaanza kuokota nyasi kwa mikono kana kwamba mgambo hayupo. Mgambo atamsukumaje mwanamke wa miezi tisa, na mgeni wa mkoa amekaa upande wa pili wa ukuta? Alibaki amesimama, kofia mkononi, akitazama huku na huku.

Mashine ilianza kugonga. Ile hodi ya ndani iligeuka nyundo. Rangi ilikuwa inavimba malengelenge na kudondoka vipande, na tope la zamani likaanza kuonekana chini yake. Otmar hakupunguza moto. Alifika usawa wa mlango wa choo, akaishusha mara ya mwisho, ikang'ata nyasi za kizingitini, ikatoa mlio mmoja wa chuma kukwama, ikasimama. Alivuta kamba. Kamba haikuja hata kidole kimoja.

Mbele kwaya ilikuwa inaimba ya kumuaga mgeni.

Mtendaji alikuja magari yalipokwisha kutoka. Alitembea kwa kuchagua pa kukanyaga, viatu vyake vikaingia nyasi mbichi hata hivyo. Aliiinamia mashine, akavuta kamba mwenyewe, akavuta tena, akajitia grisi kwenye suti.

"Umeiua," alisema. "Umeiua kwa makusudi!"

"Ni mpya, mheshimiwa," Otmar alisema. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha choo, mkono wa kulia umelala mapajani kama wa mtu mwingine. "Si ni mpya? Irudishe dukani ulikoinunua. Watakubadilishia."

Wanawake waliangua kicheko. Mmoja alicheka mpaka akashika kiuno na kuomba maji. Hata Luka aligeuza uso ukutani. Mtendaji alisimama pale, shingo imevimba, na kwa muda mfupi Otmar alidhani atampiga. Alitamani ampige.

Lakini kilichotokea ni kibaya zaidi. Mtendaji alifikiri. Ilionekana kabisa kwamba anafikiri. Kisha uso ukalegea, na tabasamu likaja.

"Sawa," alisema. "Sawa kabisa. Mgeni ameiona ikifanya kazi, picha zimepigwa. Mashine mpya ya kata imeharibiwa na kibarua mzembe. Luka, wewe ni shahidi, umeona mwenyewe amekataa kuzima. Tutanunua nyingine."

Otmar alimwangalia.

"Nyingine?"

"Mpya. Wewe umenirahisishia kazi." Akajifuta grisi kwa leso, taratibu, kidole kwa kidole. "Chumba nakitaka leo. Kabla ya giza."

Akaondoka. Hakuwa na hasira tena, na hilo Otmar lilimchukiza kuliko matusi yote ambayo angeweza kutukanwa.

Vitu vyao havikuwa vingi. Scolastika, pamoja na homa yake, alifunga sufuria kwenye kanga bila kuuliza maswali, maana alikuwa ameshayasikia yote kupitia dirishani. Alisema tu, "Twende kwa Ritha, basi," akafunga fundo. Otmar alitoka na godoro kichwani, lile ambalo kona yake moja ilikuwa imekatwa sponji. Alipitia nyuma ili asipite mbele ya ofisi.

Mwanaima alikuwa anatembea. Sista Serafina alimwambia atembee ili mtoto ashuke, naye alikuwa anakwenda na kurudi kwenye ile njia iliyokatwa, kutoka kibarazani mpaka chooni, mkono mmoja kiunoni, kandambili zinapiga saruji na kisha nyasi. Hakuwa na fimbo wala mtu wa kumsindikiza. Uchungu ukimbana anasimama, anashika ukuta, ukipita anaendelea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Unaendeleaje?"

"Naendelea, tunashukuru. Huku umetutoa kwenye hofu kabisa, yaani Mungu akuzidishie." Akapumua, akaonyesha kwa kidevu upande ule mwingine wa kiwanja, ambako nyasi zilikuwa zimesimama vilevile mpaka mlangoni pa jiko. "Na za jikoni, baba, unakata lini?"

Otmar alilisogeza godoro kichwani. Hakuwa na moyo wa kumwambia, na uchungu ulikuwa unakuja tena, alimwona anavyokunja uso.

"Kesho," alisema. "Kesho asubuhi, mwanangu. Tembea tu."